Icom IC-7300: ipunguze ndipo isikie

Ukiitoa IC-7300 kwenye boksi, ukachomeka antena na kuiwasha saa mbili usiku kwenye bendi ya mita 40 (masafa ya MHz 7), kitakachokupokea ni mvumo. Mita ya S, kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayoingia, imeganda karibu na S7, sauti za watu zinachomoza kwa shida kama mazungumzo chini ya bati wakati wa mvua, na kila mtu anaponyamaza kuvuta pumzi, mvumo unapanda tena. Wengi huhukumu hapo hapo kwamba redio ina kelele. Kelele ni ya bendi. Redio imeachiwa geini (kiwango cha kukuza mawimbi) kubwa kuliko kazi iliyo mbele yake. Mapitio haya yanaangalia upande huo tu: namna IC-7300 inavyokuwezesha kutawala nguvu ya mawimbi na sauti, kutoka antena hadi sikioni, na kutoka maiki au kompyuta kurudi antena. Habari za uzuri wa skrini zimeshaandikwa vya kutosha.

Kwa asiyeifahamu: redio hii ya ridhaa, yaani ya wanaowasiliana hewani kwa kupenda tu, ilianza kuuzwa 2016, inarusha wati 100 kwenye HF (masafa mafupi) na 50 MHz (za soko la Ulaya zina 70 MHz pia, kwa wati 50), na ina skrini ya kugusa ya inchi 4.3. Haichanganyi masafa kwa hatua mbili tatu kama redio za zamani. Mawimbi ya antena yanapita kwenye vichujio vya bendi, kisha yanaingia moja kwa moja kwenye kigeuzi kinachoyafanya kuwa namba. Karibu kila tabia yake, nzuri na mbaya, inatokana na hilo.

Kigeuzi na herufi tatu za OVF

Kigeuzi ni cha biti 14 na kinachukua sampuli milioni 124.032 kwa sekunde. Kwa hesabu ya vitabuni, biti 14 ni kama desibeli 86 kati ya kidogo kabisa na kikubwa kabisa kinachoweza kubebwa. Ukichuja hadi upana wa 2.4 kHz wa SSB (modi ya kuongea kwa sauti) unapata nyongeza ya takriban desibeli 44, kwa kuwa kelele ya kigeuzi imetawanyika kwenye MHz 62 nzima nawe unakata kipande chembamba tu. Nafasi hiyo ni kubwa, ila ina dari. Redio ya zamani ikizidiwa huanza kukwaruza pole pole, unapata muda wa kushtuka. Kigeuzi kikijaa hakina pole pole: namba zimeisha, na bendi nzima inachafuka kwa mpigo.

Kinachokijaza si lazima kiwe kituo unachokisikiliza. Ni jumla ya kila kitu kilichopita kwenye kichujio cha mbele, na kichujio hicho ni kipana kuliko bendi yako. Afrika iko kwenye kanda ya kwanza ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), ambako bendi ya mita 40 inakoma 7.200 MHz na hapo hapo mlangoni wanaanza watangazaji wa masafa mafupi, hadi 7.450 MHz. Usiku wanaingia kwa nguvu ya ajabu. Anayeishi Unguja jirani na mitambo ya Dole, ambako ZBC imekuwa ikirusha kwenye 11735 kHz, ana shida ya namna hiyo hiyo kwa umbali wa kilomita chache, na antena ndefu ndiyo inayomwongezea.

Kigeuzi kikifurika, skrini inaonyesha OVF. Usiipuuze hata kama unamsikia vizuri unayeongea naye. Dawa ina mpangilio wake: kwanza zima kikuzaji cha awali (P.AMP). OVF ikibaki, punguza kwa nobu ya RF/SQL hadi izimike, au bonyeza na kushikilia P.AMP/ATT kwa sekunde moja ili ATT iingie, ambayo inaondoa desibeli 20. Kupunguza sauti ya spika hakusaidii, na AGC (kidhibiti cha geini kinachojiendesha) haisaidii pia, maana inafanya kazi kwenye namba ambazo zimeshaharibika. Hili ndilo linalowapotosha waliotoka kwenye redio za analogi.

Kuna kibonye kingine ndani ya FUNCTION kinaitwa IP+. Kinatawanya makosa madogo ya kigeuzi yasijikusanye kuwa mawimbi hewa, yaani vile vituo unavyovisikia mahali ambapo hakuna mtu. Gharama yake ni usikivu kidogo. Kwenye mita 80 na 40 usiku gharama hiyo huioni kabisa, iache imewaka. Kwenye mita 10 na 6, izime.

P.AMP: kikuzaji usichokihitaji mara nyingi

Kibonye cha P.AMP/ATT kinazunguka P.AMP 1, P.AMP 2, kisha hakuna. Watu wengi huwasha P.AMP 2 na kuisahau, kwa sababu mita ya S inapanda na kila kitu kinaonekana kina nguvu. Tazama hesabu.

Bila kikuzaji, sakafu ya kelele ya redio yenyewe kwenye 14 MHz imepimwa kuwa karibu −133 dBm (desibeli kulinganisha na miliwati moja) katika upana wa 500 Hz. Ukiwasha P.AMP 1 inafika karibu −141, na P.AMP 2 karibu −143. Yaani kutoka ya kwanza kwenda ya pili unavuna desibeli 2 za usikivu, huku unakibebesha kigeuzi mzigo mkubwa zaidi. Sasa upande wa bendi: S9 kwenye HF ni −73 dBm, na kila S moja kwa kanuni ni desibeli 6, hivyo S7 ni −85 dBm. Sakafu ya redio ukiipanua hadi 2.4 kHz inakuwa karibu −126. Kelele ya bendi inaipita kelele ya redio kwa desibeli 40 hivi. Hata mita ya S ikidanganya kwa desibeli 10, na mita za S hudanganya sana chini ya S9, hoja inabaki pale pale: P.AMP kwenye mita 40 inakuza kelele na mawimbi kwa pamoja, haimsogezi mtu hata hatua moja juu ya mvumo. Hapo ATT ndiyo ingefaa zaidi.

Usikubali hesabu hii kwa imani, ipime. Chomeka mzigo bandia wa omu 50 badala ya antena. Weka USB-D (modi ya data ya ukanda wa juu, si waya wa USB), chujio la 3.0 kHz, P.AMP na vipunguza kelele NB na NR zote zimezimwa, AGC imezimwa, na AF chini kabisa. Fungua WSJT-X, programu ya mawasiliano ya kidijitali, kwenye kompyuta na soma kipimo cha sauti cha upande wa kushoto, kile chenye desibeli. Andika namba. Rudisha antena, tafuta mahali pasipo na kituo, soma tena. Tofauti ikiwa desibeli 10 au zaidi, P.AMP haina kazi kwenye bendi hiyo. Ikiwa chini ya 6, washa P.AMP 1 na urudie. Kwa antena ya kawaida ya waya mjini, ni nadra kuihitaji chini ya 21 MHz. Kwenye mita 10 mahali patulivu P.AMP 1 ina maana, na P.AMP 2 inapata heshima yake kwenye 50 MHz.

Nobu yenye kazi mbili

Kushoto kuna nobu mbili zilizovaana: ya ndani ni AF, ya nje ni RF/SQL. Kiwandani ya nje imepangwa kuwa RF+SQL. Saa sita, yaani ikielekea juu, geini ya RF iko kamili. Ukiipeleka kushoto unapunguza geini. Ukiipeleka kulia inageuka kuwa skelchi, kizuizi cha sauti dhaifu, na redio inanyamaza. Ni mpangilio mbaya kwa anayetumia SSB. Kiwiko kikiigusa kidogo, redio bubu, na mtu anaanza kukagua fyuzi.

Nenda MENU, SET, Function, RF/SQL Control, chagua Auto. Sasa kwenye SSB, CW (Morse) na RTTY (maandishi ya teletaipu) nobu nzima ni geini ya RF, na kwenye AM na FM ni skelchi. Ni badiliko la kwanza la kufanya siku ya kwanza, kabla hata ya kuweka saa.

Kisha itumie. Weka AGC kwenye MID, tafuta mazungumzo unayoweza kuyafuata, na teremsha RF pole pole kushoto. Utaona herufi RFG zikitokea, halafu mita ya S itaanza kupanda kutoka chini. Simamisha pale ambapo mita imefika kwenye kiwango kile kile ilichokuwa imekaa kwa kelele tupu, au kidogo juu yake. Rekebisha AF. Sasa sikiliza nafasi kati ya maneno: mvumo umelala, sauti ya mtu imebaki.

Sababu yake ni kwamba AGC inashusha geini mtu anapozungumza na kuipandisha anaponyamaza. Kazi ya kupandisha ndiyo inayokuletea mvumo kwenye kila pumzi. Ukiishusha RF hadi kizingiti cha kelele, AGC haina pa kupanda. Uwiano wa mawimbi na kelele haujabadilika hata chembe, ila sikio linapumzika, na mtu anayekaa masaa matatu kwenye neti (kikao cha hewani) anajua thamani ya hilo. Ukiteremsha kupita hapo utaanza kuwapoteza walio dhaifu, na kosa hilo litakuwa lako.

AGC wakati wa radi

Hapa ndipo IC-7300 inapowazidi wenzake wa bei yake. Kuna FAST, MID na SLOW, na kila moja unaweza kuipanga sekunde zake: gusa AGC kwenye skrini ya FUNCTION na uishikilie kwa sekunde moja. Kwa SSB kiwandani ni 0.3, 2.0 na 6.0, kwa CW ni 0.1, 0.5 na 1.2. Namba hizi zinafaa palipo na hewa tulivu.

Afrika Mashariki hewa haitulii. Ziwa Victoria na mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi kwa wingi zaidi duniani, na mita 80 na 40 zinazileta zote hadi mezani kwako. Ukiwa na SLOW ya sekunde 6, mpasuko mmoja wa radi unafunga geini, kisha redio inakaa kiziwi ikirudi taratibu. Kabla haijarudi, mpasuko mwingine. Mtu amemaliza kutaja alama yake ya wito nawe hujasikia ila mkia. Miezi ya masika weka FAST, au bora zaidi fupisha MID iwe sekunde 0.8 au 1.2, na uiteremshe RF kama ilivyoelezwa. Radi bado itapasuka, lakini maneno ya pande zote mbili za mpasuko yatabaki.

AGC pia inaweza kuzimwa kwa kuweka OFF mahali pa sekunde. Ukifanya hivyo, vua hedifoni kwanza. Hakuna kitu tena kinachokulinda na kituo cha S9 kilichoongezeka desibeli 40.

NB isichanganywe na haya. Inakata mapigo mafupi yanayojirudia, kama cheche za plagi ya bodaboda iliyosimama nje, na hapo inafanya kazi nzuri mno. Radi ni ndefu na haina mpangilio, NB haiipati. Mvumo wa kidhibiti cha sola au taa za LED za bei rahisi hausikii NB pia; huo unatibiwa kwenye chanzo chake, kwa feraiti na waya mfupi. Ukiiacha NB imewaka karibu na kituo chenye nguvu, sauti za jirani zitaanza kukwaruza na utamlaumu mtu asiye na hatia. NR nayo ina ngazi 15: nne hadi sita zinatosha, zaidi ya hapo kila mtu anaongea akiwa ndani ya mtungi.

Neno moja kuhusu maporomoko ya rangi kwenye skrini, ile picha ya mawimbi ya bendi inayoteremka. Kitelezi cha REF kinapandisha au kushusha mwangaza wa picha kwa desibeli 20 kila upande. Hakigusi kipokezi. Ukiona skrini imejaa njano, usikimbilie ATT. Huenda ni REF tu.

Spika

AF inakuja mwisho wa mnyororo. Kikuzaji cha sauti kinatoa zaidi ya wati 2.5 kwenye omu 8, lakini kipimo hicho ni pale upotoshaji unapofika asilimia 10, na asilimia 10 inasikika. Ukijikuta unapandisha AF kupita saa nane, tatizo ni spika ndogo au RF uliyoteremsha mno. Spika ya nje ya omu 4 hadi 8 inasaidia kuliko mpangilio wowote wa menyu. Kama sauti ni nzito, ingia Tone Control na upunguze Bass ya kupokea kwa ngazi mbili. Herufi za Kiswahili zinazotofautisha maneno, s na sh, t na k, hutambulika zaidi kwenye sauti za juu; Bass haikusaidii kuzitambua.

Kompyuta na FT8: viwango vilivyofichwa

FT8 ni modi ya ujumbe mfupi unaorushwa na kompyuta kupitia redio. Redio ina kadi ya sauti ndani yake na waya mmoja wa USB unatosha kwa sauti na kwa udhibiti. Ni raha kubwa ukilinganisha na redio ya Xiegu G90, ambayo inahitaji kiunganishi cha nje kwa kazi hiyo hiyo. Ubaya ni kwamba viwango vyote vimezikwa MENU, SET, Connectors, na vya kiwandani havifai.

Anza na DATA MOD, inayochagua sauti ya kurusha inatoka wapi. Kiwandani imeelekezwa ACC (soketi ya nyuma). Ibadilishe iwe USB, la sivyo utabonyeza kurusha na mita ya Po (nguvu inayorushwa) itabaki sifuri. Acha DATA OFF MOD kwenye MIC,ACC ili maiki iendelee kufanya kazi ukirudi kwenye SSB ya kawaida. Halafu chujio: kwenye USB-D, FIL1 kiwandani ni 1.2 kHz. Ndiyo maana maporomoko ya WSJT-X yanaonyesha mstari mwembamba wenye watu na pembeni giza. Gusa FIL, ishikilie, ipanue hadi 3.0 au 3.6 kHz.

Sasa kiwango cha kupokea. Sauti inayokwenda USB haifuati nobu ya AF, kwa hiyo unaweza kuzima spika kabisa na kompyuta ikaendelea kusikia. Inafuata geini ya RF, AGC, na ACC/USB AF Output Level, ambayo imewekwa asilimia 50. Kwenye Windows, fungua kadi ya USB Audio CODEC upande wa kurekodi, hakikisha ni Hz 48000, zima maboresho yote ya sauti, na kitelezi cha Windows kiache mahali pamoja usikiguse tena. Marekebisho yafanye redioni. Kwenye masafa yasiyo na vituo, kipimo cha WSJT-X kinapaswa kusimama karibu na 30. Ikiwa 60 au zaidi, shusha Output Level hatua kwa hatua. Mara nyingi utajikuta kati ya asilimia 15 na 30. Kipimo kikigeuka chekundu vituo vikubwa vinapoingia, kadi inakata vilele vya sauti, na wale dhaifu wa desibeli −20 hawatasomeka kamwe hata kama wako.

AGC kwa FT8 inahitaji uamuzi. Chujio ni pana, vituo arobaini viko ndani kwa pamoja, na AGC inamtii mwenye nguvu kuliko wote. Jirani wa mtaa wa pili akirusha, geini inashuka kwa wote. Waandishi wa WSJT-X wanashauri kuzima AGC au kuteremsha geini ya RF ili AGC isiwe na kazi. Kwenye IC-7300 njia ya pili ni salama zaidi: AGC FAST, RF imeteremshwa hadi mita ya S ipande juu ya kelele. NB na NR zizimwe. Zinaharibu umbo la toni ambalo programu inalitegemea.

Kurusha ndiko kunakoharibu majina ya watu. Panga RF POWER kwanza kwa wati unazotaka, 30 hadi 50. FT8 inarusha sekunde 12.64 katika kila duru ya 15, na kwenye joto la pwani feni ya redio itakukumbusha. Weka USB MOD Level asilimia 50 uliyoikuta, kitelezi cha Pwr cha WSJT-X kiteremshe chini, bonyeza Tune, ukitazama mita ya ALC, inayoonyesha kama sauti unayoiingiza imezidi. Pandisha Pwr hadi ALC ianze kutikisika, kisha rudi nyuma mpaka itulie sifuri na wati zianze kupungua kwa chembe. Hapo ndipo mahali pake. Kama Pwr lazima ikae kwenye nukta ya mwisho kabisa chini, shusha USB MOD Level hadi asilimia 25 au 30 ili kitelezi kiwe na nafasi ya kucheza.

Ukizidisha, toni ya 700 Hz inazaa watoto kwenye 1400 na 2100, na unaonekana mara tatu kwenye skrini za watu, ukikalia nafasi zao. WSJT-X ina kinga: kwenye kichupo cha Radio chagua Split Operation iwe Fake It. Programu inahamisha masafa ya redio ili toni ibaki daima kati ya 1500 na 2000 Hz, hivyo watoto wake wanaanguka nje ya chujio la kurushia. Ichague hata kama viwango vyako ni safi.

Mtego wa mwisho hapa ni Windows yenyewe. Ikiona kadi mpya inapenda kuifanya spika ya msingi. Kengele ya barua pepe itarushwa kwa wati 50 hadi Brazili. Rudisha spika za kompyuta kuwa za msingi kwa mkono. Na kompyuta ikikata mawasiliano ya USB kila unaporusha, hilo ni wimbi la redio linapanda kwenye waya: zungusha waya wa USB mara tano au sita kwenye pete ya feraiti ya mchanganyiko 31, karibu na kompyuta.

Maiki

Maiki ya mkono inayokuja nayo, HM-219, inatosha. Bonyeza nobu ya MULTI na utaona RF POWER, MIC GAIN, COMP na MONITOR. Zima COMP (kompresa). Ongea kwa sauti yako ya kawaida, maiki umbali wa vidole vitatu na kidogo pembeni ya mdomo ili p na b zisipige. Gusa mita hadi ifike ALC, na pandisha MIC GAIN kutoka 50 hadi kilele cha maneno kibaki ndani ya ukanda uliochorwa. Tofauti na FT8, kwenye sauti ya mtu ALC inaruhusiwa kusogea. Isiruke nje ya ukanda tu.

Kisha washa COMP kwenye ngazi ya 2 au 3. Mita ya COMP isome desibeli 10 kwenye vilele. Kitabu cha Icom kinaruhusu hadi 20, lakini 20 ni kwa anayepigania nchi ya mbali kwenye msongamano. Kompresa inapandisha kila kilicho dhaifu, ikiwemo feni, jenereta na jogoo wa jirani. Ukiiwasha, punguza MIC GAIN kidogo. Upana wa kurushia pia una ngazi tatu: WIDE ya Hz 100 hadi 2900, MID ya 300 hadi 2700, NAR ya 500 hadi 2500. Kwa mazungumzo ya kawaida MID ndiyo. Nguvu inayotumika chini ya Hz 300 ni wati zinazopotea. Jisikilize kwa MONITOR ukiwa umevaa hedifoni, kwani kwa spika utapata mwangwi na mlio.

Kilichopungua

Soketi ya antena ni moja tu. Hakuna mlango wa antena ya kupokelea, na kwa mtu wa mita 80 na 160 anayetaka kitanzi kidogo kisicho na kelele, ni kasoro kubwa kuliko zote zilizotajwa hapa. IC-7300MK2 iliyotangazwa 2025 imeuongeza. Mwenye fedha na subira aangalie hiyo kwanza. ATT ni ya ngazi moja, desibeli 20 au hakuna, wakati mara nyingi 6 au 12 ndiyo ingetosha. Nobu ya RF inaziba pengo hilo nusu nusu. Na viwango vya USB vingestahili kibonye chao mbele, si safari ya menyu nne.

Kwa upande wa umeme, inakula takriban ampea 0.9 ikiwa kimya na hadi 21 ikirusha. Kwenye betri ya sola, weka mita kwenye VD (volti zinazoingia) wakati wa kurusha. Volti zikishuka mno chini ya 13.8, sauti ya SSB inaanza kupasuka kwenye vilele na mtu anahangaika na MIC GAIN bure, wakati waya wa umeme ni mwembamba.

Ukishamaliza kupanga, chomeka kadi ya SD, nenda MENU, SET, SD Card, Save Setting. Kurudisha redio kwenye mipangilio ya kiwandani kunafuta kila kitu, na hakuna anayekumbuka asilimia 22 ya Output Level miezi sita baadaye. Mahali pa nobu za AF na RF/SQL hakuhifadhiwi kwenye kadi. Pale RF inapokaa kwa mita 40 usiku, bandika kipande kidogo cha selotepu.